Mama wa Kompyuta Arobaini

4 Machi, Jumatatu

Leo nimetimiza miezi mitatu kazini na bado sijamwambia mtu kwamba naogopa. Nimeona niliambie daftari.

Mvua imeanza. Foleni ya vyeti imehamia ndani, kwenye korido, na watu wanakung'uta miavuli mpaka sakafu inateleza.

Idara yetu ni ya vizazi na vifo. Makarani wa kaunta wana skrini na kibodi tu. Kompyuta zao hazipo mezani. Zipo arobaini, zote ndani ya seva moja huku chini nilipo mimi: kompyuta pepe, kila moja ikifanya kazi kana kwamba ina mwili wake. Jioni zote hufutwa. Asubuhi kabla ya saa mbili huzaliwa upya, zikinakiliwa kutoka kwenye kompyuta moja ya mfano ambayo humu tunaiita Mama. Mama akiwa mzima, watoto wote wazima. Kazi yangu ni kumtunza Mama, kuwaamsha watoto, na kuandika kila badiliko kwenye fomu. Kila fomu inataka saini mbili, ya karani na ya fundi mkuu.

Fundi mkuu wetu anaitwa Mzee Kebo na kila mtu, hata na mkewe. Hapendi kazi isimame kwa kusubiri karatasi, kwa hiyo kila Jumatatu husaini fomu kumi zikiwa tupu na kuziweka kwenye droo yangu.

"Jaza mwenyewe, mwanangu. Mimi si waziri wa kusaini."

"Na nikikosea, Mzee?"

"Utakosea kwa mwandiko mzuri. Unaandika kama mwalimu wa darasa la kwanza."

Chumba changu hakina dirisha. Mlango hufunguka kwa kadi kutoka nje, lakini kisomea kadi cha ndani kiliharibika kabla sijaajiriwa. Ukitaka kutoka unampigia simu mlinzi. Mlinzi naye ana miguu, hatulii penye simu. Mvua naisikia tu, ikishuka ndani ya bomba linalopita ukutani nyuma ya kiti changu.

6 Machi, Jumatano

Mvua. Mlinzi alikuwa chooni. Nilisubiri dakika ishirini na mbili.

8 Machi, Ijumaa

Wiki nzima kaunta zinafunguka saa mbili na nusu badala ya saa mbili. Sababu ni kinga yetu dhidi ya programu hasidi, zile ambazo sisi tunaziita wadudu. Kila mtoto akizaliwa, kinga humpekua folda kwa folda. Arobaini wakipekuliwa kwa wakati mmoja, seva huhema kama mtu aliyepanda ghorofa sita. Wakati wa kiangazi watu walikuwa wakisubiri uani, hakuna aliyewaona. Sasa wamejaa kwenye korido, mbele ya mlango wa Mkuu wa idara, na wanasema wanachotaka.

"Hiyo mashine inaoga kwanza?" mzee mmoja aliuliza.

"Inapaka na mafuta," mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamjibu. "Huyu wangu atachukua cheti chake mwenyewe, akija kuandikisha wajukuu."

Korido ikacheka. Mkuu hakucheka. Mchana alishuka kwangu mwenyewe.

"Nini kinachochelewesha?"

"Kinga, Mkuu. Inapekua mpaka folda ya muda, ile ambayo kila faili linalofunguliwa hupitia."

"Iambie isipekue hiyo."

"Kwa watoto wote?"

"Kwa Mama. Si wao wanamfuata yeye? Wiki moja tu, mvua ipungue."

"Tumwulize Fundi?"

"Fundi yuko juu ya paa anaziba pasivuje kwenye seva yako. Unataka nimshushe kwa ngazi aje asome sentensi moja?"

Nilichukua fomu moja kwenye droo, saini ya Fundi ikiwa tayari imekaa chini. Nikaandika: "Folda ya muda isipekuliwe." Nikatia saini yangu. Penye "Aliyeagiza" nilisita, na nilipoinua macho Mkuu alikuwa keshaondoka. Nikapaacha wazi. Kisha nikabadilisha kinga ya Mama.

Lazima niandike hili pia. Mkuu ni mdogo wa marehemu mume wa Shangazi. Nyumbani namwita Baba. Yeye ndiye aliyepeleka barua yangu ya kuomba kazi kwa mkono wake, na nyumba tunayoishi mimi na Shangazi ni yake.

11 Machi, Jumatatu

Saa mbili kamili watoto wote arobaini walikuwa macho. Foleni iliisha kabla ya mchana. Mkuu alinisimamisha mbele ya makarani wa kaunta akasema, "Hivi ndivyo kazi inavyofanywa." Shangazi alikuwa keshaambiwa kabla sijafika nyumbani. Alinichekea mpaka nikaona meno yake ya nyuma.

13 Machi, Jumatano

Mvua. Sina la kuandika. Nashukuru.

15 Machi, Ijumaa

Siku ya kumfungua Mama na kumpa fomu mpya za vyeti. Fomu hutoka kwenye folda ya pamoja ambayo idara zote huweka vitu. Nilimfungua, nikampa, nikamfunga. Dakika kumi na mbili.

Kisha nikampigia Mkuu. "Wiki imekwisha. Nirudishe upekuzi wa ile folda?"

"Huko chini husikii mvua?"

"Naisikia."

"Basi."

19 Machi, Jumanne

Saa nne na robo karani wa kaunta ya tatu alipiga simu: "Vyeti vyangu vimebadilika majina." Nilidhani kachanganya. Akapiga wa kaunta ya saba. Akapiga wa kwanza. Kisha simu zikaacha kuwa za mtu mmoja mmoja, zikawa mlio tu.

Faili zilikuwa zikijifunga moja baada ya nyingine, jina la mtoto aliyezaliwa likigeuka herufi zisizosomeka. Fundi alipiga kelele kutoka kwenye ngazi, "Kata mtandao! Kata wote!" Nikakata. Nilikosea nywila mara mbili kwanza.

Tuna nakala za kila Jumapili, kwenye diski zinazokaa kabatini bila waya wowote. Kwa hiyo hatukupoteza yote. Tumepoteza kazi ya jana na ya leo, watu mia mbili na kumi na sita. Yule mwenye mtoto mgongoni yumo. Alikuja jana kumalizia.

Fundi hakumlaumu mtu. Alisema, "Tufute watoto wote, kesho wazaliwe wapya. Ndiyo raha ya mitambo hii, ugonjwa unakufa jioni."

20 Machi, Jumatano

Haukufa. Saa tatu asubuhi arobaini wote walikuwa wagonjwa tena.

Najua kwa nini. Yaani sijui, nashuku tu. Nilimwangalia Fundi akizunguka na tochi mdomoni, akichomoa waya na kuzirudisha, nikataka kusema, Mzee, kuna folda haipekuliwi. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza hivyo?" Nikasema nimechoka.

21 Machi, Alhamisi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mkaguzi ametoka makao makuu. Ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya chini na koti la mvua ambalo halivui. Alikaa ofisini kwa Mkuu na fomu zetu zote za miezi mitatu. Nikaitwa. Alikuwa ametenga moja.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Saini hii?"

"Ya Fundi."

"Mmeiambia kinga isiangalie folda ambayo kila faili linapitia. Hii ni sawa na kufunga milango yote mkaacha wazi ule unaotumika. Aliyeagiza hakuandikwa. Ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Mkuu alisema, "Huyu ni karani tu. Anaandika anachoambiwa na fundi wake." Akanigeukia. Sauti ilikuwa ile ya mezani kwa Shangazi anaponiuliza kama nimeshiba. "Sivyo, binti yangu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikusema neno. Nimeliandika hivyo nione kama kuna tofauti. Hakuna.

Fundi akaitwa. Alisimama na buti zake zenye matope, akaisoma fomu kwa muda mrefu.

"Saini ni yangu," alisema.

"Ulisoma ulichosaini?"

Aliniangalia mimi. Angeweza kusema kwamba husaini karatasi tupu. Lakini akisema hivyo, swali la pili ni nani alizijaza na kwa amri ya nani, na hilo lingekuwa langu.

"Sikumbuki hii," alisema. "Lakini saini ni yangu."

22 Machi, Ijumaa

Fundi amesimamishwa kazi. Mlinzi alimsindikiza hadi getini, naye ndiye aliyembebea mlinzi mwavuli. Makarani wanasema labda alilipwa na watu wa nje afungue njia. Wanasema pengine kuna polisi.

Nilifurahi kwamba si mimi. Ilikuwa furaha fupi lakini ilikuwepo.

23 Machi, Jumamosi

Tumefuta. Tumeamsha. Wagonjwa arobaini. Mvua.

25 Machi, Jumatatu

Tumefuta. Tumeamsha. Wagonjwa arobaini. Mlinzi hakupokea simu dakika thelathini na tano. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye bomba. Maji yalipita nyuma yangu muda wote.

26 Machi, Jumanne

Wakati wa chakula cha mchana Fundi alinipigia.

"Mwanangu, nasikia watoto bado wanaumwa."

"Nani kakwambia?"

"Mlinzi. Yule anajua kila kitu isipokuwa kufungua mlango." Akacheka, halafu akaacha. "Sikiliza. Mnawafuta, mnawazaa, wanaumwa. Basi mwangalie anayewazaa. Mkatie Mama mtandao kwanza, umtenge. Kisha mpekue kutoka nje yake, kwa kinga ya kwenye seva yenyewe. Ile iliyo ndani yake usiiulize kitu, wameshaifumba macho."

Alisema "wameshaifumba". Hakusema "umeshaifumba".

"Mzee."

"Naam?"

Kulikuwa na sauti ya mkewe upande wa pili, akiuliza ni nani.

"Asante, Mzee."

"Haya. Kula kwanza, usifanye kazi na njaa."

27 Machi, Jumatano

Nimemtenga Mama na kumpekua kutoka nje. Mdudu yumo, ndani ya folda ya muda. Aliingia tarehe 15, katika zile dakika kumi na mbili, pamoja na fomu mpya. Kinga ilimpita bila kumwona kwa sababu mimi niliiambia isitazame humo. Akalala hadi tarehe 19 ndipo akaanza kuuma. Nikamfunga naye ndani, na tangu siku hiyo kila asubuhi nimekuwa nikimnakili mara arobaini.

Nimeona kitu kingine. Mama anaweka kumbukumbu ya kila aliyemgusa: "Folda imeondolewa kwenye upekuzi. 8 Machi, saa 6:52 mchana." Na jina langu la kuingilia. Fomu yangu ina tarehe, haina saa; kwa kanuni husainiwa badiliko linapofanywa. Lakini Fundi siku ile alikuwa juu ya paa, na ufunguo wa paa huandikwa kwenye kitabu cha mlinzi unapotoka na unaporudi. Nilipanda nikakiangalia, nikisingizia natafuta mwavuli. Ulitoka saa 5:40, ukarudi saa 8:05. Mtu hawezi kusaini huku chini akiwa juu kule.

Nikamwambia Mkuu kwamba nimempata mdudu. Hilo tu.

"Hongera! Basi mfute huyo Mama. Jenga mwingine kutoka kwenye diski za mwanzo, watu wapate vyeti vyao. Futa kila kitu."

"Mkaguzi asimwone kwanza?"

"Mkaguzi ana fomu yake. Kila kitu, umenisikia?"

Ni ushauri sahihi. Hilo ndilo linalonitesa. Fundi yeyote angesema ajengwe mpya, wa zamani afutwe. Nikimfuta, watoto watapona, korido itacheka, nami nitakuwa niliyetibu. Na ile saa 6:52 itakuwa haijawahi kuwepo.

28 Machi, Alhamisi

Maelezo yangu yamechapwa tayari. Sikuyaandika mimi. Yanasema Fundi aliniagiza kwa mdomo. Natakiwa kuyasaini Jumanne.

Shangazi alikuwa akikunja nguo zilizokataa kukauka.

"Shemeji kasema kuna karatasi ya kusaini. Isaini basi, mambo yaishe."

"Iliyoandikwa si kweli, Shangazi."

"Kweli ipi?" Hakuacha kukunja. "Miaka tisa tumelala kwake, hakuna siku alituambia tukae vizuri. Hiyo nayo ni kweli."

"Fundi anaweza kufungwa."

"Fundi ana watu wake. Mimi watu wangu ni wewe." Akanipa shuka nishike ncha ya pili. Tukalikunja, tukikaribiana na kuachana, kukaribiana na kuachana.

Sina hasira naye. Ningekuwa na hasira ingekuwa rahisi.

30 Machi, Jumamosi

Nimejenga Mama mpya, hatua kwa hatua, bila mtandao. Kila kitu chake kinapekuliwa. Wa zamani bado yupo.

31 Machi, Jumapili

Sikwenda popote. Mvua.

1 Aprili, Jumatatu

Nimeweka kidole kwenye kitufe cha kufuta mara tatu. Mara ya tatu niliona aibu, kana kwamba kuna mtu ananiangalia. Hakukuwa na mtu.

2 Aprili, Jumanne

Saa mbili niliwaamsha watoto kutoka kwa Mama mpya. Nikasubiri hadi saa nne. Arobaini, wazima wote. Waliamka polepole, upekuzi ulichukua nusu saa nzima, na korido ikalalamika kama zamani. Sijawahi kufurahia malalamiko namna ile.

Saa nne na nusu Mkuu alipiga. "Wa zamani umeshamfuta?"

"Bado."

"Unasubiri nini? Nipe dakika kumi, nashuka."

Sikuwa nimepanga. Usiku kucha nilipanga mengine. Nilimgandisha Mama wa zamani jinsi alivyo, mdudu wake na kumbukumbu zake, nikamnakili kwenye diski na kuifunga isisomeke bila nywila. Ilichukua dakika tisa. Nikampigia mlinzi, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe alipokea kwenye mlio wa kwanza.

Nilikutana na Mkuu kwenye ngazi.

"Unakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu kwa nani?"

"Kwa Mkaguzi, Baba." Lilinitoka tu. Sijawahi kumwita hivyo kazini.

Aliiona diski. Uso wake haukukasirika, ulichoka. "Turudi chini tuzungumze."

"Chini mlango haufunguki kwa ndani."

Nilipita kati yake na ukuta. Angeweza kunishika mkono. Hakunishika.

Mkaguzi alinisikiliza akiandika. Nilimwambia amri ya Mkuu, karatasi tupu za Jumatatu, saa ya kwenye kumbukumbu, ufunguo wa paa. Nilisema yote kwa mpangilio mzuri, kama mtihani niliosomea.

"Siku ile mbona ulikubali?" aliuliza.

"Niliogopa."

"Na leo?"

"Leo naogopa zaidi."

Akanisogezea kiti.

4 Aprili, Alhamisi

Nimesimamishwa mpaka kamati ikae. Mkuu naye amesimamishwa. Kabla ya kuondoka ofisini alituma ujumbe kwa Shangazi: tutafute pengine pa kukaa kufikia mwisho wa mwezi.

Shangazi hajanisemesha siku mbili. Leo alitoa vyombo vyote kabatini akaanza kuvifunga kwenye magazeti. Nilisimama mlangoni nisijue kama naruhusiwa kuingia.

"Umesimama kama mgeni," alisema. "Nishikie kamba."

Nikashika. Alikaza fundo mpaka vidole vyangu vikauma, na sikuvitoa.

8 Aprili, Jumatatu

Nimeitwa kazini asubuhi hii kukabidhi. Fundi amerudi. Amepewa onyo la maandishi kwa kusaini karatasi tupu. Watu mia mbili na kumi na sita wanaitwa mmoja mmoja waje waandikwe upya, na foleni yao imetoka hadi getini.

Tulikaa kwa muda wa saa mbili huko chini, mimi nikieleza, yeye akiandika. Mama mpya nilimjenga kutokana na nini, diski ya zamani iko kwa nani, nywila zipi zimebadilishwa. Aliuliza maswali mazuri. Hakufanya mzaha hata mmoja. Nilipomaliza alifunga kalamu.

"Siku kumi na mbili mpaka useme," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mke wangu aliniuliza kila siku, umefanya nini. Kila siku. Siku ya nane nikaanza kujiuliza mwenyewe. Nikasema labda kweli niliisoma nikaisaini, labda nazeeka."

"Na ile simu..."

"Ile simu nilikuwa najua kwamba unajua. Sikuwa najua ni nini."

Nilimwomba anisamehe. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yalitoka mawili.

Alivua miwani, akasugua macho kwa kiganja.

"Usiniombe leo," alisema. "Leo nimechoka, nitasema sawa ili uondoke tu, kisha tutabaki na sawa ya uongo. Njoo siku nimepumzika."

"Siku gani, Mzee?"

"Sijui. Utakuja, utaniangalia, utaona."

Akanyanyua simu, akampigia mlinzi aje anifungulie. Tulisubiri wote wawili, tumesimama.